Wifi ya nyumbani ifike dukani, mita 350, Ujiji: ripita, antena ndefu au jozi ya CPE?

Mwanaujiji
Habari za jioni wakuu. Nipo Ujiji, Kigoma. Nyumbani tuna intaneti nzuri. Mama ana duka la steshenari barabarani, mita 350 hivi kwa kipimo cha ramani ya simu. Wanafunzi wanakuja kuchapa kazi na kujaza fomu za vyuo, na yeye anategemea bando la simu. Likikata katikati ya fomu, mtoto anaanza upya, na foleni nyuma yake inazidi kurefuka. Nataka mtandao wa nyumbani umfikie.

Katikati kuna nyumba chache za bati na miembe miwili mikubwa, na mnajua miembe ya Ujiji ilivyoshiba. Nikipanda juu ya mnara wa tangi la maji naliona paa la duka, ila mwembe mmoja uko karibu sana na huo mstari.

Njia nilizoziona: ripita (kifaa kinachopokea wifi na kuirusha tena) kwa jirani aliye katikati, kutoa vijiti vya rauta na kuweka antena ndefu ya 12 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi kwenye mwelekeo wake) juu ya paa, au jozi ya CPE, yaani redio za nje zenye antena ndani yake, kama TP-Link CPE210 au CPE510, moja nyumbani na moja dukani. Ipi inafaa? Umeme unakatika, hilo nalo mlizingatie.

dishi_la_bati
Antena ndefu. Nimeifunga kwenye nyumba ya wageni, wateja wanakaa uwanjani chini ya miti na simu zinashika vizuri. Unafunga kitu kimoja tu, upande wa dukani hugusi chochote.

FundiNguzo
Ndugu dishi_la_bati, kwa uwanja nakubaliana nawe kabisa. Kwa mita 350 nisingeifunga.

Kwanza, antena haizalishi nguvu, inaelekeza tu ile iliyopo. Ya kuzunguka pande zote yenye 12 dBi imeminywa juu na chini, mawimbi yanatoka yametandazwa kama chapati, kwa wima digrii 7 hivi tu. Ukiiweka juu sana, aliye chini yake anapitwa. Na pande zote ambazo mama hayupo zinapata nguvu ileile anayopata mama.

Pili, kebo. Ukitoa antena kwenye rauta na kuipandisha paani kwa ile kebo nyembamba ya RG58, kwenye 2.4 GHz (moja ya masafa mawili ya kawaida ya wifi, jingine ni 5 GHz) unapoteza karibu desibeli 1 kila mita. Mita 10 ni desibeli 10, yaani katika sehemu kumi za nguvu yako inafika moja. Faida yote uliyonunua kwenye antena imeishia njiani. Kebo nene ya LMR-400 inapoteza kama desibeli 0.22 kwa mita, lakini ni ghali na ngumu kukunja. CPE haina shida hii kwa sababu redio yenyewe imo ndani ya antena, kinachopanda juu ni kebo ya mtandao tu, na hiyo inaruhusiwa hadi mita 100.

Tatu, na hili ndilo watu wengi hawalipi uzito: mawasiliano ni ya pande mbili. Nyumbani ukipaza sauti, simu ya dukani itakuonyesha vijiti vimejaa. Lakini simu nayo lazima ijibu, na redio yake ni ndogo, imefichwa ndani ya ukuta na nondo za dirisha. Unaona mtandao upo, kurasa hazifunguki. Dawa ni kuupa na upande wa pili antena ya nje.

MuhaWaKasulu
Ripita nayo usiidharau kama jirani ni mwelewa, maana inazunguka mwembe badala ya kuupenya. Ila ripita ya redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, kasi inashuka karibu nusu. Tena unategemea umeme wa nyumba isiyo yako. Siku jirani akizima swichi kuu akasafiri, duka limefungwa.

BiHesabu
Tupige hesabu, maana namba zinamaliza ubishi.

Kwa mita 350 hewani bila kizuizi, 2.4 GHz inapoteza kama desibeli 91, na 5.8 GHz, iliyo ndani ya masafa ya 5, kama 99. Umbali ukiongezeka mara mbili, ongeza 6.

Jozi ya 2.4 yenye antena za 9 dBi, kila redio ikituma dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikikaribia sifuri ndivyo yanavyofika na nguvu zaidi): 20 + 9 + 9 − 91 = −53. Jozi ya 5 GHz yenye antena za 13 dBi: 20 + 13 + 13 − 99 = −53. Sawasawa! Anayesema 5 GHz haifiki mbali anasahau kwamba kwa ukubwa uleule wa kifaa, antena ya 5 inalenga vizuri zaidi. Kwenye −53 hata mawimbi yakipungua desibeli 10 bado unafanya kazi kwa raha.

Sasa simu ya mama ikijibu antena ndefu, tukadirie simu inatuma 15: 15 + 0 + 12 − 91 = −64. Toa 10 za kebo ya FundiNguzo, unabaki na −74. Toa ukuta, nondo na majani, unaingia −85 au chini zaidi. Hapo fomu ya chuo haitumwi.

Kwa hiyo kwangu ni jozi, bila kusita.

Mwanaujiji
Dada BiHesabu, asante sana, hapo nimeelewa. Sasa kati ya 2.4 na 5, na ule mwembe, nichague ipi?

FundiNguzo
Hapa ndipo penye kazi. Kuliona paa la duka hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi kuuzunguka mstari wa macho, na nafasi hiyo ni pana zaidi katikati ya njia. Kwa mita 350, ili asilimia 60 ya nafasi hiyo iwe wazi, unahitaji karibu mita 2 kila upande wa mstari kwa 2.4 GHz, na mita 1.3 kwa 5.8. Kama mwembe uko pembeni ya mstari, 5 GHz itapita kwa urahisi zaidi. Kama majani yapo ndani ya mstari wenyewe, 5 GHz itaumia zaidi, na mvua ikilowesha majani hali inakuwa mbaya kuliko unavyoiona leo kiangazi. Usipime Agosti ukadhani umemaliza.

Ushauri wangu: pandisha bomba la chuma juu ya mnara wa tangi mpaka mstari uuache mwembe, halafu tumia 5. Mjini 2.4 imejaa rauta za watu, na chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Kama bomba haliwezi kupanda, chukua 2.4 na ukubali kasi ndogo. Usikate mwembe wa mtu.

Ukishaunganisha, dukani weka rauta ndogo ya kawaida ndani ipokee kutoka CPE na iwagawie kompyuta na simu.

KibiriziKwetu
Naomba kudandia mada. Mimi nataka kuvusha mtandao kutoka Kibirizi hadi ng'ambo ya ghuba, kilomita kadhaa, maji matupu, hakuna hata mti. Si ndiyo rahisi zaidi?

BiHesabu
Kuona kwako ni kuzuri, tatizo ni maji. Ziwa linarudisha mawimbi, yale yaliyogonga maji yanakutana na yaliyokwenda moja kwa moja, na yakipishana vibaya yanafutana. Jaribu kushusha au kupandisha antena ya upande mmoja, hata mita moja moja, uone wapi inatulia. Chukua vifaa vyenye dishi la dBi 23 hivi, kama LiteBeam ya Ubiquiti, vinalenga kwa wembamba.

Umbali wenyewe usikuogopeshe. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili ya Venezuela, kilomita 382, kwa wifi. Ila walibadilisha programu ya redio, kwa sababu wifi ya kawaida hutuma kisha husubiri jibu kwa muda mfupi sana, na kwa mbali jibu linachelewa. Kwenye CPE kuna sehemu ya kujaza umbali. Ijaze umbali halisi na ziada kidogo.

MzeeWaGungu
Vijana, hamjagusa radi. Bomba la chuma juu ya mnara, Kigoma hii, kuanzia Novemba mpaka Aprili! Bomba liunganishwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi ardhini. Kebo iwe ya nje, nyeusi, yenye ngao ndani, na kizuia radi kabla haijaingia nyumbani. Kebo nyeupe ya ofisini jua linaipasua. Mahali inapoingilia ukutani, iache ining'inie chini ya tundu kwanza ndipo ipande kuingia, ili maji yadondokee pale chini na yasifuate kebo hadi kwenye adapta.

Umeme: CPE hizi ndogo zinakula wati 10 hivi au chini, kwa hiyo betri ndogo yenye kigeuza volti inazibeba pamoja na rauta. Angalia volti. Nyingi ni za 24 zinazopita kwenye kebo ya mtandao. Ukichomeka adapta ya 48 ya kifaa kingine unaweza kuunguza redio.

Mwanaujiji
Nimekupata mzee wangu, shikamoo. Nitachukua jozi ya 5 GHz na kurefusha bomba. Kulenga nafanyaje, nipo peke yangu?

FundiNguzo
Anza na CPE ya dukani. Ielekeze mnarani kwa macho, kaza nati nusu. Zote mbili zisimame wima vilevile. Kisha panda mnarani na simu, fungua ukurasa wa CPE unaoonyesha namba ya nguvu ya mawimbi, zungusha polepole kulia na kushoto, subiri sekunde chache kila hatua kwa sababu namba inachelewa kubadilika. Ukiipata kubwa kuliko zote, rudia kwa juu na chini. Jihadhari na kilele cha uongo: pembeni ya mwelekeo halisi kuna sehemu nyingine yenye namba nzuri kidogo, watu wengi wanafunga hapo. Kama hesabu inasema −53 na wewe unasoma −70, endelea kuzungusha. Ukifika kati ya −52 na −58, kaza nati zote, kisha nenda dukani ukarudie upande ule.