Uliyepasuliwa ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo, njoo tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Wiki iliyopita nimefanyiwa oparesheni ya ngiri, nimeingia hospitali saa 12 asubuhi, saa 2 usiku nipo kwangu Mbagala nimelala chali naangalia feni. Mimi nilijua ukipasuliwa unalazwa wiki nzima ndugu wanakuja na hotpoti za uji, kumbe siku hizi ni kuingia na kutoka. Ila mambo ya katikati hapo hakuna aliyenisimulia.

Kwanza njaa. Mwisho wa kula saa 6 usiku, nikatii, nikaja kuitwa saa 8 mchana maana mama mjamzito kaletwa kwa dharura ikabidi apite mbele, kwa hilo sina kinyongo. Jirani yangu wa benchi ndo alinitia huruma, katolewa kwenye orodha kisa kanywa chai ya maziwa saa 2 akidhani chai sio chakula. Arudi Alhamisi.

Halafu ganzi ya mgongo. Unainama umekumbatia mto, unachomwa, kidogo tu miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nipo macho, nasikia wanabishana mechi ya Simba na Yanga, na mimi kwa woga nikachangia hoja, daktari akacheka akasema mzee tulia kwanza. Kazi yenyewe haikufika lisaa. Kilichonichelewesha ni mkojo! Nesi kagoma kuniruhusu mpaka nikojoe, ganzi ile inalaza mpaka kibofu. Nimekaa na kopo masaa mawili, waifu anafungulia bomba nisikie maji yanavyotiririka. Ilipotoka chozi lilinidondoka.

Kurudi ni bajaji. Matuta yote ya njia ile nayajua kwa idadi sasa.

Kijana wa Chumbageni: Pole sana mkuu. Mama yangu alitolewa mtoto wa jicho, matone ya kutanua mboni yalichukua muda kuliko upasuaji. Kesho yake bandeji inatolewa, anashika leso yake anasema kumbe hii nyeupe! Miaka miwili alikuwa anamgombeza binti wa kazi kwamba hajui kufua, nguo zinabaki za njano, kumbe unjano upo kwenye jicho. Kamuomba radhi na doti ya khanga juu.

Bi Mkubwa Unguja: Mie kivimbe cha titi, nusu kaputi. Nilitoka harusini nina piko mpaka kwenye kucha, kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakisomi kitu, wakahangaika wee mwisho wakakibana sikioni. Nimezinduka nauliza mnaanza lini, naambiwa bibie ushamaliza. Kidonda si kitu. Kinyama kimepelekwa kupimwa, majibu baada ya wiki mbili, hizo wiki mbili wallahi sizitamani tena. Alhamdulillah kilikuwa salama.

Nesi wa thieta: Nimecheka hiyo ya bomba, tunaiona kila siku. Niongeze kidogo: njoo na mtu mzima wa kukurudisha, baada ya nusu kaputi usiendeshe chombo siku nzima. Aliyechomwa mgongo akipata kichwa kinachouma akikaa na kutulia akilala, arudi. Homa, damu kulowanisha bandeji, kushindwa kukojoa, msisubiri asubuhi. Na chai ya maziwa ni chakula jamani, tunaogopa ukitapika ukiwa umelala iingie kwenye mapafu.

Mleta uzi: Asante dada. Leo nimepiga chafya, nimewaona mababu. Mnafanyaje?

Nesi wa thieta: Bana mto kwenye kidonda ndo upige. Na ndoo za maji usiguse mpaka ukaonwe kliniki.

Mleta uzi: Ndoo anabeba shemeji, tangu jana kanuna.