Koili ikinenepa mizunguko inateleza pembeni, shida nini?

Wakuu naombeni msaada, naendesha mashine ya kukunja mkanda wa chuma kuwa koili, mizunguko ya mwanzo inakaa fresh ila koili ikishanenepa ile ya juu inaanza kuteleza upande mmoja inachomoza nje. Mwenzangu wa shifti anasema niongeze mvutano, ni sawa?

Jibu: Hapana mkuu, usiongeze, punguza kidogo kidogo kadri koili inavyonenepa. Ukivuta sana huku juu mizunguko ya ndani inabanwa hadi inapoteza mvutano wake na kulegea, ndo inateleza. Alafu kipenyo kikiwa mara 2 mota inahitaji nguvu ya kuzungusha mara 2 ili mvutano ubaki uleule, so cheki kama mashine inasoma kipenyo vizuri.

Jibu: Cheki na mafuta pia, yakizidi kwenye mkanda chuma kinateleza tu. Na rola ikikaa upogo inausukuma mkanda pembeni.

Jibu: Chonde chonde usiirudishe kwa mkono inapozunguka!! Zima, piga kufuli swichi kuu. Na kabla ya kukata mkia wa koili ubane kwanza na rola ya kushikilia, ule unafyatuka kama springi na makali yake yanachana hadi glavu.