Mjadala: Pesa ya umma iende kwenye fuwele mpya za kusafisha maji, au tununue vichujio tunavyovijua?

Mwanzilishi wa mada, South B:
Hamjambo wenzangu. Oktoba 2025 Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa fuwele za aina ya MOF. Ioni za metali hufungwa pamoja kwa molekuli zenye kaboni, na katikati hubaki vyumba vitupu. Gramu chache tu zina eneo la ndani la uwanja wa mpira. Robson alianzia mwaka 1974 kule Melbourne, akiagiza karakana ya chuo itoboe mipira ya mbao ili wanafunzi wake waone atomu zinavyoshikana. Ukibadilisha metali au kiungo (ile molekuli inayozifunga), chumba nacho hubadilika: kimoja hunasa kaboni dioksidi, kingine hubeba dawa, kingine huvuta mvuke wa maji kutoka hewa ya jangwani usiku na kuuachia jua likiwaka, kama Yaghi alivyoonyesha Arizona.

Nalileta hapa kwa sababu ya floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto. Miamba yetu ni ya volkano, na visima virefu vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa hupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Kuchemsha hakusaidii hata kidogo. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Sasa kuna fuwele ya metali ya zirkoni iitwayo UiO-66, iliyotengenezwa Oslo, ambayo haiyeyuki majini na hunasa floraidi. Kiungo chake ni asidi ya terefthaliki, ileile inayotumika kutengeneza chupa za plastiki. Chupa zinazorundikana kwenye jaa la taka la Dandora zaweza kuvunjwa zikarudi kuwa asidi hiyo! Nasema serikali itenge fungu kwa maabara za vyuo vikuu vyetu, tuanze na shida yetu kwa malighafi yetu.

Mama wa Rongai:
Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho. Kijana wangu wa miaka kumi na miwili ana meno ya rangi ya chai, hacheki mbele ya wenzake. Tulihamia hapa akiwa mchanga, tukamlea kwa maji ya kisima cha ploti, na hakuna aliyetuambia lolote. Nakuru watu wamechuja floraidi kwa makaa ya mifupa miaka mingi. Kwa nini pesa isinunue hayo leo? Meno yakishaota yameharibika hayarudi. Mtoto hawezi kungoja maabara.

Mlipa kodi, Kasarani:
Namuunga mkono mama. Fungu la utafiti huishia kwenye semina za hoteli.

Mkemia, Ngara:
Mwanzilishi, hizi fuwele nazipenda, lakini umeruka mambo mazito. Kwanza, si zote zinazovumilia maji. MOF-5, ile maarufu ya Yaghi ya mwaka 1999, huharibika kwa unyevu wa hewa tu. UiO-66 ni imara, ila floraidi inaing'ang'ania zirkoni kiasi kwamba ikiwa nyingi mno inaweza kuubomoa muundo wenyewe. Pili, kwa kawaida hupikwa ndani ya kiyeyusho cha DMF, sumu kwa ini. Ipo njia ya kuipika kwa maji, na hiyo ndiyo ya kufadhiliwa, la sivyo tutasafisha maji ya Rongai kwa kuchafua Mto Ngong. Tatu, inatoka ikiwa unga. Unga huziba bomba au huponyoka na maji, kwa hiyo lazima ufinyangwe kuwa punje. Kazi hiyo haina sifa, na ndipo miradi mingi hukwama.

Mama, makaa ya mifupa nayo yana ukomo. Yakishiba hayanasi tena, na maji hayabadiliki ladha kukuonya. Pasipo mtu wa kupima na kuyabadilisha, utakunywa floraidi ukidhani umesalimika. Tena wapo majirani ambao dini yao haiwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa.

Mwanzilishi wa mada:
Mama, pole sana kwa kijana. Umenibadilisha kwenye mpangilio: makaa na upimaji wa visima vitangulie, na kila mwenye ploti alazimishwe kubandika kipimo cha floraidi pale mpangaji anapokiona kabla ya kulipa kodi ya kwanza. Lakini fungu la maabara silitoi mezani. Nalifunga kwa masharti ya mkemia: fuwele ipikwe kwa maji, itoke kama punje, na ijaribiwe kwa maji ya visima vyenyewe. Maji yaliyotengenezwa maabara hayana chumvi kama bikaboneti wala fosfeti za kugombania nafasi na floraidi, kwa hiyo matokeo yake yatatudanganya. Na kichujio kilichoshiba kisitupwe Dandora.

Mama wa Rongai:
Basi waje wachote kwetu. Kisima kiko nyuma ya ploti, na mtungi nitawapa mimi.