Filta ya dizeli ibadilishwe lini? Naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, nina Hilux ya dizeli, injini ya 2KD, inabeba abiria na mizigo mpaka Chake na Mkoani. Kwenye milima inakata nguvu, hasa ikiwa na mzigo, na asubuhi stata inazunguka sana ndipo iwake. Taa ya filta imewaka mara moja. Fundi akafungua koki ya chini, maji yakatoka, taa ikazimika.

Sasa mafundi wamenichanganya. Mmoja anasema nimwage maji tu, filta bado nzima. Mwengine anataka nibadilishe kila kilomita 10,000, ilhali nasikia magari mengi yamepangiwa 20,000 mpaka 40,000. Mimi naelemea kwa huyu wa pili, kwa sababu dizeli yetu wakati mwengine hununuliwa kwenye madumu, na kisiwani unyevu ni mwingi. Tangi likikaa nusu tupu, maji hujitengeneza ndani. Hii ni komonreli, yaani dizeli husukumwa kwa presha kubwa sana, na nozeli zake zinazoinyunyiza kwenye injini hazistahimili maji wala vumbi, na bei ya nozeli moja haikaribiani hata kidogo na ya filta.

Wenye gari kama hii hapa Pemba au Unguja, nyinyi mnabadilisha baada ya kilomita ngapi? Na nikishaweka mpya, kupampu kwa mkono juu ya filta kunatosha kutoa hewa? Tena, filta bandia naitambuaje dukani? Gari hii ndiyo riziki ya nyumba, naomba mnisaidie.