Joto la oili linafika nyuzi 128 Kitonga: STI iliyoongezewa nguvu

Boksa_Kimara

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa waliokwisha kushughulika na joto la oili kwenye injini za turbo zilizoongezewa nguvu. Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, injini EJ207, lenye turbo kubwa kuliko ile ya kiwandani, ekzosi pana ya inchi 3, na intakula (kipoza cha hewa inayotoka kwenye turbo) iliyohamishwa kutoka juu ya injini ikafungwa mbele, nyuma ya bampa. Kompyuta ya injini ilipangwa upya hapa Dar es Salaam baada ya kazi hiyo. Oili ninayotumia ni 5W-30 ya sinthetiki, na sensa ya joto imefungwa kwenye bamba lililo kati ya filta na injini.

Kutoka Dar hadi Mikumi, kwa mwendo wa kawaida, geji inasoma kati ya nyuzi 98 na 103 na haichezi. Shida inaanza baada ya Ruaha Mbuyuni, ambako bonde lenyewe lina joto, kisha ninaingia mlima wa Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, ninapanda kwa gia ya pili, ninasubiri nafasi, ninalipita moja na kulikuta jingine mbele. Nikifika juu oili imefika 128 na maji 104. Presha ya oili inakuwa bar 2.7 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, na nikiacha kukanyaga mafuta inashuka hadi bar 0.9.

Fundi mmoja amependekeza kipoza oili kikubwa cha safu 34 za mirija, kifungwe mbele ya rejeta bila termostati (valvu inayofunguka kwa joto), kwa hoja kwamba nchi yetu haina baridi ya kuogopesha. Mwingine anasema nihamie 20W-50 na habari iishie hapo. Kabla sijatoa fedha naomba kujua kama nyuzi 128 ni hatari kwa injini hii, na kati ya njia hizo mbili ni ipi yenye mantiki.

Mhandisi_wa_Njiro

Mkuu, karibu. Nianze na hilo la hatari, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Oili nzuri ya sinthetiki inavumilia nyuzi 128 kwa dakika chache bila kuungua. Kinachopungua kwa haraka ni unene wake, na unene huo ndio unaozuia metali (beringi) za konrodi zisisagane na krenki. Oili ya daraja la 30 (namba ya mwisho ya 5W-30) ikiwa kwenye nyuzi 100 ina mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ilhali ya daraja la 40 inaanzia 12.5 hadi 16.3. Kuna pia kipimo kingine kinachofanywa kwenye nyuzi 150 huku oili ikibanwa na kukatwa kwa kasi, hali inayofanana na ile iliyomo ndani ya metali zenyewe: daraja la 30 linatakiwa lisishuke chini ya millipaskali-sekunde 2.9, na 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Kwa injini iliyoongezewa turbo, inayopanda mlima mrefu ikiwa na joto, mimi nisingekaa na 5W-30 ya kubana matumizi ya mafuta hata kama joto lingekuwa 115.

Kuhusu presha, mafundi wengi wa injini za nguvu hutumia kanuni ya bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Kwa hesabu hiyo bar 2.7 kwenye 3,000 inapita, na bar 0.9 bila kukanyaga inapita. Hujatuambia, hata hivyo, inasoma ngapi kwenye 6,000 oili ikiwa 125, na hapo ndipo injini hizi hufia. Ikiwa inavuka bar 4.2, una muda wa kurekebisha mambo kwa utulivu. Ikiwa haifiki, acha kupita malori kwa nguvu hadi utakapomaliza kazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona mafundi wako wote wawili wamelipita. Maji yako yanafika 104. Kwenye EJ za turbo kiwanda kiliweka kipoza kidogo cha duara kati ya filta na injini, ambacho hupitisha maji ya mfumo wa rejeta ili yaichukue sehemu ya joto la oili. Kama kipoza hicho bado kipo (kitazame, kwa sababu wengine hukiondoa wanapofunga bamba la sensa), basi oili yako inategemea maji, na maji yakishapanda hadi 104 oili haina pa kutua mzigo wake. Joto la oili linaanzia ndani: msuguano wa metali, oili inayorushwa chini ya pistoni ili kuzipoza, na turbo inayolainishwa kwa oili hiyohiyo. Umeongeza nguvu, kwa hiyo umeongeza joto katika sehemu zote hizo, na papo hapo umeweka intakula mbele ya rejeta ambayo ilikuwa inapata hewa safi. Rejeta sasa inapuliziwa hewa iliyokwisha kupashwa joto na intakula pamoja na kondensa ya kiyoyozi.

Ukiongeza kipoza cha safu 34 mbele ya vyote hivyo, oili itapoa na maji yatazidi kuchemka. Utakuwa umelihamisha tatizo kutoka kwenye geji moja kwenda kwenye nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua bampa uangalie. Pima nafasi iliyo kati ya intakula na rejeta. Hewa hufuata njia rahisi, na ikiona upenyo pembeni haitajisumbua kupenya kwenye mapezi ya rejeta. Ziba pembe zote, juu, chini na kando, kwa bati jembamba la alumini na sponji ngumu isiyoshika moto. Hakikisha kinga ya plastiki ya chini ya injini ipo, maana wafungaji wa intakula za mbele mara nyingi huiondoa na hawairudishi, na bila hiyo hewa ya chini inaingia chumba cha injini na kuizuia ile ya rejeta isitoke. Washa kiyoyozi uone kama feni zote mbili zinazunguka. Angalia kifuniko cha rejeta, kwa sababu watu wengi huku hutumia maji matupu: juu ya Kitonga mko kwenye mwinuko mkubwa, ambako maji yasiyobanwa na presha huchemka chini ya nyuzi 100. Kifuniko kilicholegea mpira wake wa kuzibia hakitakuonya. Utaona tu mvuke.

Na tafadhali, injini ikiwa na joto, tazama chupa ya akiba ya maji. Mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kupitisha gesi, ugonjwa unaojulikana sana kwa EJ, na hakuna kipoza duniani kitakachoutibu.

Limuru_Turbo

Nakubaliana na Mhandisi kwa mpangilio huo wa kazi. Nami hupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru na gari la aina hiyohiyo, na hali ni ileile ya malori na gia ya pili. Niongeze juu ya kipoza chenyewe, kwa sababu naamini hatimaye utakihitaji, ila si hicho ulichopendekezewa.

Termostati si anasa. Asubuhi za Julai huku Nairobi na Limuru ni baridi kweli, na Iringa na Mafinga kwenu hazitofautiani nazo. Kipoza kikubwa kisicho na termostati kitaiweka oili chini ya nyuzi 80 kwa safari nzima za mjini, na oili iliyo baridi kiasi hicho haitoi unyevu na petroli inayopenya kupita ringi za pistoni. Unyevu na petroli hiyo vinahitaji oili ikaribie nyuzi 100 mara kwa mara ili vitoke. Kuna bamba la kufunga chini ya filta lenye termostati ndani yake, ambalo hupeleka oili kwenye kipoza pale tu linapofunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 95 kulingana na aina. Hata likiwa limefunga huachia mkondo mdogo kupita, ili kipoza kisikae na oili baridi inayoweza kuingia ghafla.

Safu 19 zinatosha kwa gari la barabarani. Safu 34 zinaongeza uzito na urefu wa njia, na kila sentimita ya njia inakula presha. Usikifunge mbele ya rejeta. Kwenye STI kuna nafasi nzuri nyuma ya tundu la taa ya ukungu, mbele ya gurudumu. Tengeneza mfereji wa bati kutoka kwenye tundu hadi kwenye kipoza, upanuke taratibu, usivuje pembeni, kisha toboa plastiki ya ndani ya tairi nyuma yake ili hewa ipate pa kutokea. Nimeona vipoza vya gharama kubwa vikiwa vimefungwa kwenye kona iliyozibwa nyuma, na geji haikushuka hata nyuzi tano. Midomo ya mipira ya oili itazame juu ili hewa isinaswe ndani, na mipira yenyewe iwe na kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 13.

Mpemba_Muscat

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Oman, ambako mwezi wa Juni hewa ya nje hufika nyuzi 45 na zaidi, na barabara ya mlimani ya kutoka Bausher kwenda Al Amerat inaipima gari kama hiyo Kitonga yenu.

Kipoza hufanya kazi kwa tofauti iliyopo kati ya oili na hewa. Oili ya 120 katika hewa ya 25 ina tofauti ya nyuzi 95. Katika hewa ya 45 tofauti inabaki 75, yaani kipoza kilekile kimepoteza takriban moja ya tano ya uwezo wake. Ndiyo maana bonde la Ruaha Mbuyuni linakuumiza kabla hata hujaanza kupanda. Usipime mafanikio ya kazi yako asubuhi ya Agosti ukaridhika.

Kwa hoja ya 20W-50, naomba kutofautiana na fundi wako kwa heshima. Oili nzito inaongeza presha kwenye geji, jambo linalompa mtu faraja, lakini inasuguana zaidi ndani yake yenyewe na hivyo hutengeneza joto zaidi, na asubuhi inachelewa kufika kwenye turbo. Tena kwenye Subaru za kizazi hicho kuna vichujio vidogo sana ndani ya boliti zinazopeleka oili kwenye turbo na kwenye mfumo wa kubadili muda wa valvu. Vikiziba kwa tope la oili kuukuu, turbo hufa kwa kiu huku geji yako ikionyesha presha nzuri. Vifungue uvitazame. Mimi ningechagua 5W-40 au 10W-40 ya sinthetiki kamili, kutoka kwa wakala unayemwamini kwa sababu oili bandia zipo kila soko, na ningeibadili mapema, maana mafundi kemia hukadiria kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 huongeza mara mbili kasi ya oili kuchakaa.

Jambo jingine ni mguu wako. Joto la oili hufuata mizunguko ya injini kuliko watu wanavyodhani. Kupanda kwa gia ya tatu kwenye 3,500 bila kuikandamiza turbo kutakupa geji tofauti na gia ya pili kwenye mizunguko mingi zaidi, hata kama kasi ya gari inalingana.

Petroli_Moro

Kwa ufupi tu: STI za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya huko kwao. Kama aliyepanga kompyuta amerudisha nyuma muda wa cheche ili kuzuia injini kugonga, ekzosi inakuwa na joto kali zaidi na turbo inalirudisha joto hilo kwenye oili. Omba akuonyeshe kumbukumbu za safari ya mlimani, siyo za barabara tambarare ya Dar.

Boksa_Kimara

Nawashukuru sana, wakuu. Bampa limefunguliwa. Kinga ya chini haipo. Kati ya intakula na rejeta kuna uwazi ambao kiganja changu kinaingia bila kugusa popote, na feni ya upande wa abiria haizunguki kabisa kwa sababu waya wake ulibanwa na bomba la intakula ukakatika. Kipoza cha kiwandani kipo. Chupa ya maji haina mapovu. Presha kwenye 6,000, oili ikiwa 118, ilikuwa bar 4.4.

Nitaziba njia za hewa, nitarudisha kinga na feni, nitaweka 5W-40, kisha nitapanda tena Kitonga mchana. Ikibaki juu ya 120 nitafunga kipoza cha safu 19 chenye termostati. Swali la mwisho: baada ya kukifunga, injini iwashwe vipi bila metali kukaa kavu?

Mhandisi_wa_Njiro

Bar 4.4 ni habari njema, ingawa kwenye 125 itakuwa chini kidogo, kwa hiyo usisukume hadi utakapobadili oili.

Siku ya kufunga kipoza, hakikisha mpira wa kuzibia wa filta ya zamani haukubaki umenata, kwa sababu mipira miwili ikikutana oili yote humwagika kwa sekunde chache. Jaza oili kwenye filta mpya na kwenye kipoza kabla ya kukaza mipira ya oili. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, kisha piga stata kwa vipindi vifupi, ukiipumzisha kati ya kimoja na kingine, hadi geji ya presha ipande au taa ya oili izimike. Ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Iache ifike nyuzi 95 ili termostati ifunguke na kipoza kijae, zima, subiri dakika kumi, kisha pima kwa kijiti. Kipoza na mipira vitakuwa vimekunywa nusu lita hadi lita nzima. Ongeza hadi alama ya juu na uangalie kila kiungo kwa karatasi nyeupe kabla ya kurudisha bampa.