Mtoto wa miezi saba anasimama na kuzunguka chumba kizima: nimlee vipi?

Muulizaji, Dar es Salaam

Habari zenu, wazazi wenzangu. Binti yangu ametimiza miezi saba na nusu. Aliketi bila kushikwa akiwa na miezi minne na nusu, akaanza kutambaa kwa mikono na magoti kabla ya miezi sita, na sasa hujivuta kwenye kiti, husimama dede, kisha huzunguka chumba akishikilia ukuta. Tunaishi katika nyumba ya kupanga ambamo majiko ya mkaa ya wapangaji hukaa koridoni, na mtoto huyu hatulii mahali pamoja hata dakika mbili. Usiku huamka mara tatu au nne, nami humkuta amesimama ndani ya chandarua akilia, kwa sababu hajui namna ya kuketi tena. Mama mkwe anataka nimbebe mgongoni mchana kutwa, kwani anaamini kwamba anayesimama mapema hupata matege; jirani naye amenipa kigari cha kujifunzia kutembea. Naufurahia uchangamfu wake, lakini nimechoka na ninaogopa kukosea.

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto

Pole kwa uchovu, dada yangu. Mwanao amewahi, lakini hayuko nje ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba karibu watoto wote walianza kuketi bila msaada kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutambaa kwa mikono na magoti kati ya miezi 5.2 na 13.5, na kutembea peke yao kati ya miezi 8.2 na 17.6. Wapo hata waliotembea bila kutambaa kabisa. Kwa hiyo usimlinganishe na mtoto wa jirani, wala usichukulie kuwahi kwake kuwa kipimo cha akili.

Kuhusu matege, mweleze mama mkwe kwa upole kwamba miguu ya watoto wachanga huwa imepinda tangu tumboni, na kwa kawaida hunyooka kadiri wanavyokaribia miaka miwili. Matege ya ugonjwa husababishwa hasa na upungufu wa vitamini D, si kusimama mapema. Kigari kirudishe leo: hakimfundishi kutembea, bali humpa kasi ya kufika kwenye jiko kabla hujanyanyuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Ukiona mwili wake unakakamaa, anasimama kwa ncha za vidole muda wote, au anatumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine, mlete kliniki bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mama wa watoto watatu, Tanga

Wa pili wangu alikuwa hivyo hivyo, na kosa langu lilikuwa kuhangaika kumzuia yeye badala ya kuipanga nyumba. Siku moja alivuta kitambaa cha meza na chai ya moto ikamwagika karibu kabisa na miguu yake. Baada ya hapo nilipiga magoti, nikatambaa chumba kizima ili nione anachokiona yeye, nikakuta mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, waya wa pasi ukining'inia, na ndoo isiyofunikwa. Ndoo usiidharau, mdogo wangu, kwa maana hata maji kidogo yaliyo chini yake humzamisha mtoto anayetumbukia kichwa kwanza.

Kuhusu usiku, mfundishe kuketi mchana. Akiwa amesimama, weka kijiko au kifuniko sakafuni ili akifuate, nawe umkunje magoti taratibu mpaka makalio yaguse mkeka. Rudia mara nyingi kila siku. Wangu alielewa baada ya wiki moja hivi, na vilio vya usiku vikapungua.

Muulizaji, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Nami nimetambaa jioni hii, nikaikuta chupa ya mafuta ya taa chini ya kitanda changu mwenyewe. Kigari nimekirudisha, na wapangaji wenzangu wamekubali majiko yahamie nyuma ya nyumba. Zoezi la kuketi tunalianza kesho asubuhi, na mama mkwe amesema atakaa nasi mkekani.