Dagaa, maharage au mayai: kipi kinalisha watu watano?

Mama Watatu, Tandika
Wakuu, salaam. Tuko watano nyumbani, mtoto wa mwisho ana miaka minne. Nikishatoa unga, mafuta na mkaa, mboga inabakiwa na elfu tatu kwa siku. Nimechoka kuwapa watoto ugali na mchuzi wa nyanya. Kati ya dagaa wa Mwanza, maharage na mayai, nyie mnachukua kipi? Bei za hapa kwetu: maharage kilo 3,000, yai 400, dagaa kilo 12,000.

Daftari la Jikoni
Dada, nimekupigia hesabu ya protini kwa hiyo elfu tatu. Mayai unapata saba, kila moja lina kama gramu 6, jumla 42. Dagaa unapata robo kilo. Wakiwa wakavu kweli, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, weka 125. Maharage ni kilo nzima, na makavu yana zaidi ya gramu 20 katika kila 100, kwa hiyo unavuka 200. Mayai yameachwa mbali. Na kilo hamuimalizi siku moja: pika nusu, 1,500 inayobaki nunua matembele au mchicha.

Ghetto Mabibo
Mkuu, hesabu yako haina mkaa. Mimi niliwahi kuyabandika bila kuloweka, saa nne usiku bado magumu, nikalala na chai. Maharage ya bei rahisi ukiyapika hovyo yanakula mkaa kuliko unavyoyala wewe. Mayai dakika kumi umemaliza.

Daftari la Jikoni
Sasa kijana, kosa la maharage hilo au lako? Loweka usiku kucha, maji ya kulowekea mwaga, funika sufuria. Tena chagua ya msimu huu. Yaliyokaa sana ghalani hata uyaloweke yanagoma.

Binti Sengerema
Mnagombania maharage wakati dagaa wapo! Ila jueni kununua. Walioanikwa juu ya chanja ni wasafi, wa chini wanakuja na mchanga hadi kwenye meno. Chukua kiganja, pekecha: wakiacha mchanga au wakinuka uchungu, hama meza. Nyumbani toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili, ndipo ukaange. Faida yake nyingine, dagaa unamla na mifupa yake, hapo mtoto anapata kalsiamu ambayo maziwa yangekugharimu. Huyo wa miaka minne, kaanga wakauke, twanga, mnyunyizie kwenye ugali. Hatajua.

Jirani Kayole
Huku Nairobi sisi tunawaita omena, na bila sukuma wiki pembeni sahani haijakamilika. Kamulia ndimu kwa mboga za majani na maharage, mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Chai nayo iwekeni mbali na saa ya kula, inazuia hayo madini.

Mama wa Genge
Mimi nauza, niseme ukweli unaoniharibia biashara: anayepima robo kila siku ananilipa zaidi kuliko anayechukua kilo tano mwezini. Mkichangishana majirani wawili mkaenda Kariakoo kwa jumla, mtaona. Na usihame sembe kwenda dona kwa pupa. Dona ina virutubisho zaidi kwa sababu kiini na pumba vimebaki, lakini haikai muda mrefu. Nunua ya wiki.

Mama Watatu, Tandika
Asanteni wote. Friji sina, maharage yakilala yanachacha, kwa hiyo nimeamua hivi: Jumatatu na Alhamisi maharage nusu kilo, yanalowekwa tangu jana yake. Siku tatu dagaa na matembele. Zilizobaki nitaona mfuko unasemaje. Yai ni la huyu mdogo, mara mbili kwa wiki, wakubwa wakiwa shule.